Daudi Alipotokea Dirishani: Kujua Wakati wa Kuondoka

Andiko la kusoma nyumbani: 1 Samweli 19:1-18 na 26:13-25



Daudi wa Goliathi sote tunamjua. Kombeo, mawe matano, jitu likaanguka kifudifudi. Hata mtoto wa shule ya Jumapili atakuhadithia bila kukosea. Lakini fungua sura mbili tu mbele yake na utamkuta Daudi huyohuyo usiku, mke wake Mikali anamteremsha kupitia dirishani, anaingia gizani kukimbia. Hilo hatulihubiri sana. Halina shangwe. Ukilisema madhabahuni hakuna anayeruka.

Mtu ambaye hakulikimbia jitu alimkimbia baba mkwe wake. Na ukisoma kitabu chote cha Samweli hutapata mahali Mungu anamwambia Daudi, wewe ulikosa imani usiku ule.

Kabla sijaendelea kuna jambo lazima nilikiri, kwa sababu somo hili halikutoka kwa vitabu. Miaka mingi iliyopita, katika kanisa nililochunga kabla ya hili, dada mmoja alikuja ofisini siku ya Jumanne. Alikuwa amejifunga leso mpaka karibu na jicho. Aliketi, akasema mume wake amempiga tena. Mimi nilikuwa mchungaji kijana, nimetoka chuo cha Biblia, nina majibu ya kila kitu. Nilimfungulia maandiko juu ya kunyenyekea. Nikamwambia afunge siku tatu, aombe, arudi nyumbani apike vizuri, Mungu atamgusa mzee. Nikamwombea kwa sauti kubwa. Akasema amina, akaenda.

Wiki ya tatu nilipigiwa simu kutoka hospitali. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili, na mtoto wake wa kwanza, aliyejaribu kuingilia kati, alikuwa ameshonwa kichwani.

Sikuhubiri Jumapili iliyofuata. Nilikaa na 1 Samweli, na nikaanza kuona mambo ambayo nilikuwa nimeyaruka.

La kwanza niliona hivi: Daudi hakuondoka mara ya kwanza. Angalia sura ya 18. Sauli anasikia wanawake wakiimba, wivu unamwingia, anachukua mkuki kumlenga Daudi aliyekuwa anampigia kinubi. Daudi anaepa mara mbili. Lakini habebi virago. Anapewa kikosi cha watu elfu, anaenda vitani, anarudi, anafanya kazi yake kwa busara. Kwa hivyo mtu asitoke hapa akisema pasta amesema ukigombana na mumeo Jumatatu, Jumanne uko stendi ya matatu. Hapana. Daudi alivumilia sana. Pengine hata kupita kiasi, ukiniuliza mimi.

Halafu sura ya 19. Yonathani anaenda kuongea na baba yake, anamtetea rafiki yake, na Sauli analainika. Tena anaapa, na anaapa kwa jina la Bwana, kwamba Daudi hatauawa. Yonathani anamwita Daudi, anamrudisha mwenyewe nyumbani kwa mfalme, na mambo yanakuwa kama zamani. Mnaona hapo? Daudi alirudi. Palikuwa na msuluhishi, palikuwa na pole, palikuwa na kiapo, akarudi. Kama kungekuwa na wazee wa kanisa siku hizo wangesema kesi imeisha, tuombe tufunge kikao.

Aya mbili tatu baadaye, Daudi ameketi anapiga kinubi, anamhudumia mtu yuleyule aliyemwapia, na mkuki unapita karibu naye unashika ukutani.

Hapo ndipo Daudi alipoondoka. Usiku uleule.

Sasa jiulize ni nini kilibadilika kati ya sura ya 18 na ya 19. Mkuki ni uleule. Hasira ni ileile. Kilichobadilika ni kiapo. Mara ya kwanza Daudi angeweza kusema labda mzee alikuwa na siku mbaya. Mara ya pili alijua kwamba neno la Sauli halina uzito tena, hata likiwa na jina la Mungu ndani yake. Mkuki, kisha pole, kisha kiapo, kisha siku kadhaa tamu, kisha mkuki. Wako watu hapa ambao mzunguko huo wanaujua kuliko wimbo wa taifa. Wanajua hata zawadi itakayoletwa baada ya kipigo. Nyama, ama kitenge, ama pesa kwa M-Pesa na ujumbe mrefu wa mapenzi.

Na tazama Daudi alikuwa anafanya nini mkuki ulipotupwa. Alikuwa anahudumu. Hakuwa amejibu vibaya wala kuchelewa kuleta chakula. Katika sura ya 20 anamuuliza Yonathani amekosa nini, dhambi yake ni ipi hata huyu mzee anatafuta roho yake. Hilo ndilo swali la kila mtu anayeishi na Sauli. Nimekosa wapi? Labda nikinyamaza zaidi. Labda nikipunguza kwenda kwa mama yangu. Daudi hakuwa na cha kurekebisha, kwa sababu shida haikuwa kinubi.

Nilisema Yonathani alikuwa mtetezi. Lakini soma tena 20:2. Daudi anapomwambia baba yako anataka kuniua, Yonathani anakataa. Anasema haiwezekani, baba hafanyi jambo bila kumwambia. Rafiki mzuri, mwenye upendo wa kweli, na bado hakuamini, kwa sababu Sauli aliyemjua yeye mezani si Sauli aliyemjua Daudi. Ndivyo ilivyo kwetu. Huyu ndugu ni mzee wa kanisa, anaongoza maombi ya asubuhi, anachangia ujenzi, atampigaje mke? Tunamjua wa mezani. Yule anayefunga mlango wa nyumba jioni hatumjui. Yonathani alipoamini ni siku baba yake alimtupia hata yeye mkuki, mtoto wake wa kumzaa, mbele ya watu.

Kina mama na kina baba, msijidanganye kwamba mnavumilia kwa ajili ya watoto. Mkuki haukai kati ya watu wawili. Yule kijana aliyeshonwa kichwani alikuwa na miaka tisa.

Turudi kwa dirisha. Watumishi wa Sauli wamezingira nyumba wangoje asubuhi. Mikali anamwambia mumewe kwamba asipojiokoa usiku huu, kesho ni maiti. Hamwambii tuombe kwanza mpaka alfajiri. Anamshusha, kisha anaweka kinyago kitandani na kukifunika nguo, ili wakija wadhani ni mgonjwa, naye Daudi apate muda wa kufika mbali. Daudi hakuaga. Hakuketi na Sauli kumweleza kwa nini anaondoka. Nalisema hili kwa sababu watu wengi wanaumizwa vibaya zaidi siku ile wanayotangaza kwamba wanaenda. Wanaoshughulika na kesi hizi watakuambia saa ya kuondoka ndiyo saa ya hatari kubwa. Kwa hivyo usipige kelele. Usitishe kwamba nitaenda, nitaenda. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Weka kitambulisho, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, dawa na nauli mahali ambapo mwenzako hafiki, hata kama ni kwa jirani. Kariri nambari ya simu ya mtu mmoja, maana simu yaweza kuchukuliwa.

Na alikimbilia wapi? Aya ya 18: alienda kwa Samweli huko Rama, akamweleza yote Sauli aliyomtenda. Hapa ndipo nililia, ndugu zangu. Daudi alienda kwa mtumishi wa Mungu kama yule dada alivyokuja kwangu. Na Samweli ndiye aliyempaka Sauli mafuta kwa mkono wake. Angeweza kusema, huyo ni mpakwa mafuta, rudi ukanyenyekee. Hakumrudisha. Biblia inasema walienda pamoja wakakaa Nayothi. Samweli alimpa mahali pa kulala, akakaa naye.

Mimi nilimpa mistari na nikamrudisha kwa mkuki.

Sasa, kuna mtu anauliza, nitajuaje yangu ni ndoa ngumu tu ama ni nyumba ya Sauli? Ni swali zuri na sitalijibu haraka haraka. Ndoa ngumu tunazijua. Pesa haitoshi, mama mkwe ana maneno, mmoja hana kazi, mwingine ananuna siku tatu, mapenzi yamepoa, kuna ugonjwa, kuna makosa ambayo mtu ameyakiri na anayaacha. Hayo yana machozi lakini yana tiba. Tafuta ushauri, tafuta wenzi waliokaa kwa ndoa muda mrefu, vumilieni. Hatukuapa siku ya harusi kwamba tutapendana stima ikiwa imelipwa.

Lakini kuna nyumba ambayo mtu anasikiliza viatu mlangoni ili ajue leo ni siku gani. Watoto wakisikia lango, wanazima televisheni na kukimbilia chumbani. Mtu anahesabiwa dakika za kwenda dukani, anapokonywa mshahara wake wote, anafungiwa ndani, anakatazwa kuona ndugu zake, anatishwa kuuawa. Kama umewahi kukabwa shingo, hata mara moja, hata kama alikuachilia na kusema alikuwa anacheza, hiyo si hasira ya kawaida. Wataalamu wanaichukulia kama alama ya hatari ya kifo. Kama mtoto amepigwa ama ameguswa vibaya, hakuna cha kungoja. Na kama kila ukisamehe kosa linarudi kubwa kuliko la jana, hesabu, andika tarehe. Unaishi na Sauli.

Usidhani ni wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulipata kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Huyo ni mmoja kati ya watatu. Angalia benchi lako. Na kuna wanaume wanaopigwa na kutukanwa kwao nyumbani, nao wananyamaza zaidi kwa sababu wakisema watachekwa. Msiwacheke.

Watu wananiletea Malaki 2:16, kwamba Mungu anachukia kuachana. Ni kweli, na mimi nachukia pia. Lakini soma aya yote, usikate katikati. Aya hiyohiyo inamgeukia mtu anayetenda dhuluma na kumweka katika chuki hiyohiyo ya Mungu. Tumeitumia nusu moja miaka mingi kuwafungia watu ndani na nusu nyingine. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 7, hataki ndoa zivunjike, lakini aya ya 11 inajua kwamba kuna mke ambaye tayari ameondoka. Anamwambia akae bila kuolewa kwingine, ama wapatane. Hamwambii arudi usiku huu. Kuondoka mahali pa hatari si lazima iwe talaka. Kwanza ni kupona. Hayo mengine yatazungumzwa ukiwa hai.

Halafu msamaha. Hapa ndipo Wakristo wengi wanapofungwa, kwa sababu tumeambiwa ukisamehe umesahau, na ukisahau rudi. Daudi alimsamehe Sauli kuliko mtu yeyote katika Biblia ya kale. Pangoni En-gedi alimkata upindo wa vazi tu, na hata hilo lilimchoma moyoni. Kilimani Hakila alimkuta amelala, mkuki umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake, ule ule pengine, na akakataa kumgusa. Alichukua mkuki na gudulia la maji, akaondoka.

Sasa sikia. Daudi anasimama kilele cha mbali, Biblia inataja kwamba kulikuwa na nafasi kubwa kati yao, anaita. Sauli anaamka, anatambua sauti, anamwita mwanangu. Anakiri amekosa, amekuwa mpumbavu, hatamdhuru tena, na anamwomba arudi. Ni ombi tamu. Machozi yako karibu. Na Daudi anajibu nini? Anasema mkuki wa mfalme ndio huu, kijana mmoja avuke auchukue.

Hakuupeleka mwenyewe. Hakuvuka bonde. Aya ya mwisho inasema Daudi alishika njia yake na Sauli akarudi kwake. Alimsamehe, hakumlipiza kisasi, alimheshimu mpaka siku aliyokufa na akamlilia kwa maombolezo ya kweli. Lakini hakurudi kukaa karibu na mkuki. Hayo mawili yanaweza kukaa kwa moyo mmoja.

Kuna mtu atasema, je, mtu hawezi kubadilika? Anaweza. Nimeona. Lakini toba huwa na miguu, utaiona ikitembea. Mtu aliyebadilika anakubali kosa bila kuweka neno lakini. Anakubali kutibiwa pombe ikiwa ni pombe, anakubali kuwajibika kwa watu wengine, na anakubali kungoja. Hasemi nimetubu kwa hivyo unarudi lini. Ukiona msamaha unaombwa na saa mkononi, kaa kilimani.

Kwa walio katika hali hii leo, haya ni ya vitendo. Ukiumizwa, nenda hospitali kwanza na ueleze ukweli, usiseme ulianguka. Ripoti polisi, kwa dawati la jinsia kama kituo kinalo, upate nambari ya OB na fomu ya P3. Kuna nambari ya bure ya dhuluma za kijinsia, 1195, na ya watoto, 116. Tuna sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, na chini yake unaweza kuomba mahakama amri ya ulinzi. Wengi hawajui kwamba mahakama inaweza kumwamuru anayepiga ndiye atoke nyumbani. Si lazima kila mara mama abebe watoto na godoro.

Si ndoa pekee. Kuna dada anafanya kazi kwa boma la mtu, halipwi, anaguswa usiku. Kuna kikundi cha maombi ambacho nabii wake anataka mbegu kila wiki, na ukiuliza swali unalaaniwa na watoto wako. Mkuki ni mkuki. Hata ukitupwa na mtu aliyeshika Biblia.

Na kwa wazee wenzangu wa baraza. Tuliamua mambo matatu na nayaweka hapa ili washirika watudai. Hatutamhoji mtu aliyepigwa mbele ya aliyempiga, kwa sababu hawezi kusema ukweli halafu waende nyumbani pamoja. Hatutamrudisha mtu usiku uleule. Na anayepiga hatashika huduma madhabahuni hata akiwa na sauti ya malaika, mpaka tuone miguu ya toba niliyosema. Mchango wake wa ujenzi tutaukosa, sawa.

Yule dada alipotoka hospitali hakurudi kule. Alikaa kwa dada yake, baadaye akapanga chumba, akauza mboga, akasomesha. Mume wake alikuja kwangu mara moja akasema ameokoka na anataka nimwambie mke wake arudi. Nilimkaribisha darasa la waongofu wapya, kila Jumatano jioni. Alikuja Jumatano mbili.

Mwezi jana nilimpigia dada simu kumwomba ruhusa ya kusimulia habari hii bila jina lake. Aliniambia kijana wake, yule wa kushonwa, amemaliza kidato cha nne. Kuhusu ruhusa alinyamaza kidogo. Kisha akasema niandike tu, lakini nisiache ile sehemu ya kwamba mimi ndiye niliyemrudisha.